Tuliosoma historia chuo kikuu tupeane uzoefu, ilikulipa au ulipoteza muda?

Mleta mada: Wadau habari zenu. Kila msimu wa kuchagua kozi vijana wanaambiwa historia ni ya waliokosa pa kwenda. Mi nimeisoma mpaka nikachukua gamba la digrii, sijutii ila sitaki kumdanganya mtu pia, kwa hiyo kila mmoja aseme yake.

Naanza. Niliingia najua kukariri tu, miaka na majina. Nilikuwa naapa kwamba Afrika iligawanywa kwenye mkutano wa Berlin 1884 hadi 1885, wazungu wamekaa na ramani na rula wanakatiana vipande. Mhadhiri akasema haya, mkataba wenyewe huu hapa, vifungu 38, someni. Tumesoma weee, hakuna sehemu bara zima linagawanywa humo! Kuna biashara ya bonde la Kongo, kuna meli kupita mto Kongo na Niger, halafu kuna masharti kwamba anayechukua eneo jipya la pwani awajulishe wenzake na awe na mamlaka ya kweli pale. Mipaka mingi ilikuja kwa mikataba ya wawili wawili, mfano ule wa Uingereza na Ujerumani 1890. Hiyo haiwasafishi, na Mwafrika hakuna aliyekaribishwa kwenye kile kikao, lakini toka siku ile mtu akiniambia kitu "kinajulikana" namuomba karatasi kwanza.

Mdau 2: Kwangu ni somo la kuhakiki nyaraka. Kulikuwa na hati iliyodai kaisari wa Roma, Konstantino, alimkabidhi Papa mji wa Roma na nchi za magharibi, watu wakaitegemea karne na karne, mpaka 1440 msomi wa Italia Lorenzo Valla akakaa na ile hati neno kwa neno akaonyesha Kilatini chake sio cha enzi za Konstantino, kuna maneno mle yalikuwa hayajaanza hata kutumika. Feki. Sasa hivi nakagua madai ya bima na kazi ni ileile, nani kaandika, lini, anafaidika nini. Wenzangu wa uhasibu wanaangalia namba, mi naangalia tarehe na lugha, na huko ndiko wengi wanakamatwa.

Mdau 3: Mnapamba sana jamani. Mi nimesota mtaani na hilo gamba, tena muda mrefu. Tatizo unaenda kwenye usaili unasema "najua kufikiri kwa kina", sasa nani atasema hajui? Nilikuja kupata kazi nilipobadilisha maelezo, nikawaambia nipeni rundo la ripoti zinazopingana nitawatolea kurasa tano zinazoeleweka na nitawaambia ipi ya kuaminika. Wakanipa mtihani hapohapo. Na nilijiongezea takwimu pembeni, bila hiyo sidhani kama wangenichukua.

Mdau 4: Naungana na namba 3 kwenye ajira. Ila utafiti wa masimulizi ndio ulinikomaza, unamhoji mzee mmoja anakwambia babu yake alikuwa shujaa, wa nyumba ya pili anakwambia yule alikuwa mwizi wa ng'ombe, na wote hawadanganyi kwa makusudi. Mwanzo nilitaka nimjue mkweli nani, msimamizi akaniambia andika kwanza kwa nini kila upande unakumbuka vile. Tasnifu yangu ikapata uhai hapo.

Mdau 5: Samahani wakuu, mi niko mwaka wa pili, mada ya tasnifu mlichagua vipi? Naipenda Dola ya Ottoman, ile ya Waturuki, balaa.

Mleta mada: Mdogo wangu unasoma Kituruki cha zamani, kile cha herufi za Kiarabu? Kama hapana utaishia kurudia waliyosema wengine. Kabla hujaandika propozo nenda kaangalie nyaraka zipo, unaruhusiwa kuziona na unaielewa lugha yake. Mada tamu isiyo na vyanzo inakupeleka kwenye supu, yaani kurudia. Au ibane, chukua Waottoman kama walivyoonekana kwenye ripoti za mabalozi wa Uingereza, hapo angalau vyanzo unavisoma mwenyewe.