Tupeane uzoefu: kompyuta ya zamani na kazi za VFX (madoido ya video) hapa Goma

Kijana_Katindo: Jambo wakubwa zangu. Nina Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba, ram GB 4, diski ya kuzunguka. Najifunza Blender na After Effects, programu za kutengeneza madoido hayo. Nikiweka moshi wa kuigiza kidogo tu kwenye video, mashine inaganda. Mfukoni nina dola 120. Aliyepita njia hii aniambie alianzia wapi.

Fundi_Majengo: Anza na diski. Weka SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, hata ya GB 240. Kisha ram: 7010 ina nafasi 4, inafika GB 32, na DDR3, aina ya ram inayotumia, za mitumba si ghali. Ram za seva ziache hata ukipewa kwa bei ya bure, mashine hiyo haiwaki nazo.

Mama_Studio_Ndosho: Kabla ya kutoa hata dola moja, fungua kasha upulize vumbi. Vumbi letu jeusi la lava nalijua. Pia badilisha pasta ya prosesa, ile ya kupitisha joto.

Dada_Himbi: Mkifika kwenye kadi ya grafiki, nisomeni kwanza.

Mwezi wa 4 mwaka 2021, volkano ikiwa bado haijatufukuza, nilipata klipu ya kwaya. Malaika anashuka juu ya ziwa, mabawa yanawaka. Nikaenda sokoni Birere, nikauziwa kadi ya grafiki "GTX 1050 Ti, GB 4" kwa dola 90. Boksi jipya, plastiki juu. Windows inasoma jina lile lile. Lakini dreva, programu ya kuiendesha kadi, inagoma, na Cycles, sehemu ya Blender inayotoa picha, haiioni kadi kabisa. Nikalaumu umeme, nikalaumu ram, nikafuta Windows mara mbili. Siku ya tatu jirani akaniambia, fungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi. Mbele ya jina imeandikwa FAKE, yaani bandia. Ndani ni GTS 450 ya mwaka 2010, wamebadilisha bios tu, ile programu ya ndani inayotaja jina la kadi!

Nikarudi mbio. Meza ya yule muuzaji haipo.

Kwaya wamelipa nusu, uzinduzi ni Jumapili. Nililia. Kisha nikarenda, yaani nikatoa picha za mwisho, kwa prosesa badala ya kadi: sekunde 6, picha 150, kila moja dakika 11. Hesabuni wenyewe, ni saa 27 na nusu. Umeme ukakatika mara tatu. Kilichoniokoa ni kutoa picha za PNG moja moja badala ya video nzima. Umeme ukirudi, naendelea na picha iliyofuata. Moshi niliutoa. Malaika alishuka bila moshi, na kanisa zima likasimama.

Mwana_Mabanga: Pole sana yaya. Mimi ilikuwa flash ya GB 512, ndani GB 8.

Muuzaji_Birere: Msichafue Birere nzima. Kwangu mteja anapima mbele ya macho yangu. Ninyi mnapenda boksi jipya, kadi ya mtumba iliyopimwa nusu saa mnaikataa.

Dada_Himbi: Papa, nilimwomba apime. Alisema hana umeme.

Muuzaji_Birere: Hapo ungeondoka, mwanangu.

Dada_Himbi: Leo najua. Siku ile nilikuwa na deni la watu.

Mkubwa_Keshero: Turudi kwa kijana. Pawa saplai ya kasha hilo ni wati 240, na kadi ndefu haiingii. Tafuta GTX 1650 ya kimo kifupi, isiyo na waya wake wa umeme, inakula wati 75. Dola 120 hazitoshi kwa vyote, kwa hiyo kadi ije mwisho.

Mtu_wa_Katoyi: Mnamchosha. Auze hiyo, anunue HP Z420, kompyuta ya kazi nzito. Nafasi 8 za ram!

Fundi_Majengo: Na umeme wake utamlipia wewe? Mwanafunzi huyo.

Mtu_wa_Katoyi: Atalipa na kazi. Kwa 7010 hatapata kazi.

Mama_Studio_Ndosho: Mimi nakula kwa 7010 mwaka wa tatu. Video nzito natengenezea proksi, yaani nakala ndogo nyepesi, nakata na hizo, za asili narudisha siku ya kurenda.

Kijana_Katindo: Nimeelewa. Wiki hii SSD na ram GB 16. Kwa kadi nitaweka akiba mpaka mwezi wa 12.

Dada_Himbi: Siku hiyo usiende peke yako. Niandikie, nitakuja na GPU-Z kwenye flash.

Muuzaji_Birere: Anzieni kwangu. Umeme upo.