Bandia, feki na ghushi ni kitu kimoja? Mi nakataa

Kuna mdau hapo juu kasema bandia, feki na ghushi ni yaleyale tu, kila mtu achague analotaka. Hapana ndugu yangu, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo.

Bandia ni kitu kilichotengenezwa kifanane na chenyewe au kifanye kazi yake, basi. Meno bandia, nywele bandia, mtoto wa bandia wanaochezea watoto, hapo nani katapeliwa? Mzee anayetembelea mguu bandia hajamdanganya mtu, sasa we mwambie ana mguu feki uone atakavyokujibu, na atakuwa na haki. Feki ina utapeli ndani yake. Uhakiki wa vyeti wa 2017 hapa Tanzania ulipokuta watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wana vyeti vya kughushi, mtaani sote tulikuwa tunasema vyeti feki na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Najua mtaniambia Tume ya Ushindani inasema bidhaa bandia, Benki Kuu nayo noti bandia. Ni kweli, na hiyo ndo hoja nzito kuliko zote mlizotoa. Ila angalieni neno linavyobebeshwa, jino la bibi na dawa ya malaria isiyo na dawa ndani vyote viitwe bandia, wakati hiyo dawa inaua mtu!

Hapa Tabora tunaona kwenye asali. Asali ya Sikonge ikikaa inaganda, chini ya chupa inakuwa nyeupe ya chengachenga, na asali halisi kuganda ni kawaida yake, lakini mteja anageuza chupa juu chini, anamrudishia mama wa watu, "hii bandia", mama kashaitwa tapeli mbele ya wateja na asali yake haina kosa. Halafu kuna yule anayechemsha sukari anachanganya na asali kidogo anauza lita nzima kwa bei ya asali ya nyuki, huyo naye tunasema anauza asali bandia, tunamwonea huruma ya nini? Kaghushi huyo, maana kughushi tangu zamani ndo huko kuchanganya kizuri na kibaya ili udanganye watu.

Watu wa Kigoma nanyi semeni, mawese yaliyochanganywa huko mnayaitaje?