Feni, umeme na kufundisha Kiswahili mtandaoni nikiwa Kisauni

Mwalimu wa Kisauni
Assalaam alaykum, walimu wenzangu. Baada ya miaka tisa ya kufundisha katika shule ya msingi, sasa ninawafundisha Kiswahili wageni watatu kwa njia ya video nikiwa nyumbani. Somo lenyewe halinitatizi. Kinachonitatiza ni chumba. Nikiwasha feni wanafunzi hulalamika kwamba wanasikia upepo tu, nikiizima kwa joto hili la kaskazi jasho hunitiririka mbele ya kamera, na umeme ukikatika kipindi hufia papo hapo. Je, nyinyi mnafanyaje, na kipindi kilichokatika mnakilipisha?

Mzee wa Likoni
Waalaykum salaam, dada. Feni usiizime, ihamishe. Yangu iko sakafuni na hunipulizia miguuni, nami huvaa spika za masikioni zenye maikrofoni inayokaa karibu na mdomo, kwa kuwa maikrofoni ya kompyuta huokota kila sauti chumbani, hata ya jogoo wa jirani. Kuta tupu nazo hurudisha mwangwi, ndiyo maana nimesimamisha godoro la wageni nyuma ya kompyuta. Wageni wakija hulilalia, na wiki hiyo nasikika kama mtu aliyetumbukia kisimani.

Fundi Bamburi
Kuhusu umeme, betri ya kompyuta si tatizo, tatizo ni ruta. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, kwa hiyo tafuta betri ndogo ya akiba ya volti hizo hizo, na simu iwe na bando endapo waya wenyewe utapoteza mtandao. Malipo mkubaliane mapema: kikikatikia kwako, kifidie siku nyingine bila kutoza.

Binti wa Mji wa Kale
Mimi naongeza la saa, maana limeniumbua. Nilimwandikia mwanafunzi wangu wa London, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kuhesabu, kwamba tungeonana saa mbili usiku kwa saa za Mombasa. Akahesabu mbili ya kwao baada ya usiku wa manane, akanipigia saa nane usiku nyumba nzima ikiwa imelala. Tangu hapo huandika saa kwa tarakimu, 20:00. Kumbuka pia kwamba Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, hivyo aliyekuwa akisoma nawe saa moja usiku ghafla anakuwa wa saa mbili, ilhali kwake bado ni saa kumi na moja jioni.

Mwalimu wa Kisauni
Ahsanteni sana. Mzee wangu, godoro nimelisimamisha jana, na mwanafunzi wa kwanza akaniuliza kama nimehama nyumba. Betri ya ruta nitainunua mwisho wa mwezi, inshallah.