Kuku wazito wanatoa vifaranga wa kawaida, nakosea wapi?

Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Nina kuku wa nyama nazalisha mwenyewe, nawapima mmoja mmoja wakifika wiki 6. Awamu iliyopita kundi lilikuwa na wastani wa kilo 1.6, nikachagua majogoo na mitetea wenye wastani wa kilo 2 nikatotolesha mayai yao nikijua watoto watakaribia hapo, wamekuja na kilo 1.7 tu! Chakula kilekile, banda lilelile, namba za miguuni nimezikagua mara mbili. Baadaye nikasoma kwamba urithikaji wa uzito (sehemu ya ile tofauti ya wazazi na kundi inayopita kwa watoto) mara nyingi ni kama 0.2 hadi 0.4, yaani kwenye ile tofauti ya gramu 400 ningetegemea 80 mpaka 160, kumbe hii 100 yangu iko humohumo.

Kinachonichanganya zaidi ni hawa waliotoka kwenye mayai makubwa, siku ya kwanza walijaa kiganjani kabisa nikawawekea alama, ila wiki ya 4 wenzao wameshawafikia.

Sasa wakuu, nichague wazazi kwa uzito wa wiki ya ngapi? Na je, niangalie uzito wa kuku mwenyewe tu au na wa ndugu zake pia?