Hela za matangazo vyuo vya Marekani: dogo wa miaka 17 anatafuta chuo au anatafuta dau? Tujadili

Wakuu, naomba tuliweke hili mezani maana kila usajili wa vyuo vya Marekani ukifika nasikia maneno yaleyale, hasa kwa ndugu zetu waliokaa kule miaka mingi, kwamba hela imeharibu futiboli ya vyuo, madogo siku hizi hawapendi jezi wanapenda mpunga. Mimi nasema lawama tumembebesha asiyehusika.

Kwa wasiofuatilia, naongelea ule mpira wao wa helmeti. Zamani mchezaji wa chuo akipokea hela yoyote nje ya skolashipu anafungiwa, na chuo kinaweza kufungiwa pia, kama SMU ya Dallas ilivyofutiwa msimu mzima wa 1987 kwa kuwalipa wachezaji kisirisiri. Wakati huohuo viwanja vinajaa watu laki moja na makocha wanakula mamilioni. Texas A&M walipomtimua kocha Jimbo Fisher Novemba 2023 walikubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili tu aondoke. Milioni 75 za kutofanya kazi! Halafu dogo aliyevunjika goti akiwachezea aridhike na chumba cha hosteli.

Basi Julai 1, 2021, siku chache baada ya Mahakama ya Juu kuipiga NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa kura 9 kwa 0 kwenye kesi ya Alston iliyohusu ukomo wa malipo ya wachezaji, NCAA wakaruhusu mchezaji auze jina na sura yake kwenye matangazo. Hapo mimi nilifurahi na bado nafurahi. Ila angalia kilichofuata. Matajiri waliosoma kwenye vyuo hivyo wakaanzisha vikundi vya kuchangishana, kule wanaviita kolektivi, na vikundi hivyo ndio vikaanza kuwalipa wachezaji, tangazo lenyewe unakuta ni kusaini mipira au kuhudhuria hafla moja ya hisani, na malipo ni ya kununua nyumba. Hilo sio tangazo wakuu, huo ni mshahara na ada ya usajili vimevalishwa koti la matangazo. Mwaka 2022 Nick Saban, kocha wa chuo cha Alabama, alisimama hadharani akasema A&M wamenunua kila mchezaji wao, Fisher akawaka, wakarushiana maneno nchi nzima ikisikia.

Sasa kwa nini nasema dogo asilaumiwe? Chukua kesi ya Jaden Rashada, kotabeki, yaani yule anayerusha mpira, akiwa bado sekondari kule California. Kwa mujibu wa kesi aliyofungua 2024 aliahidiwa dola milioni 13.85 ili aende chuo cha Florida, na mkataba ule ulivunjwa wakati malipo ya kwanza ya laki 5 yanatakiwa kuingia. Akasaini na chuo hivyohivyo, anasema kwa sababu watu wazima waliendelea kumhakikishia hela ipo, haikuja, akaomba kuachiwa akaenda Arizona State. Au Matthew Sluka, kotabeki wa UNLV, chuo cha Las Vegas, Septemba 2024, timu imeshinda mechi zote tatu za mwanzo, akaacha msimu katikati akidai ameahidiwa laki moja kwa mdomo na kocha msaidizi, chuo kikakana. Unajua nani alikuwa sahihi? Hakuna wa kukuambia, kwa sababu ahadi ya mdomo haina karatasi!

Najua mtaniletea Nico Iamaleava, kotabeki wa chuo cha Tennessee, dili lake liliripotiwa kama dola milioni 8, Aprili 2025 ikasemekana anataka aongezwe, hakutokea mazoezini, kocha akamwacha na yeye akahamia UCLA. Sawa, ni kweli inauma kama wewe ni shabiki. Lakini kocha akihama timu katikati ya usajili kufuata dau kubwa, na wanahama kila mwaka, wale madogo aliowaahidi mezani kwa mama zao wanabaki na nani? Tofauti ni kwamba kocha ana mkataba wenye fidia pande zote mbili.

Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo kudai malipo, sasa chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wanamichezo wake hela, ukomo ukiwa karibu dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza wa 2025-26, na dili za nje kuanzia dola 600 zinapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi kuona kama ni tangazo la kweli. Hatua nzuri, ila bado wanakataa kumwita mfanyakazi. Mimi nasema aitwe mfanyakazi, asaini mkataba wa miaka miwili au mitatu na chuo, akivunja alipe, wakivunja walipe, na ajenti wake awe na leseni. Hapo hata hao wanaolilia uaminifu watapata uaminifu.

Na hili linatugusa. Vijana wa Kenya wanaokwenda kukimbia riadha kwenye vyuo vya kule wako kwenye viza ya mwanafunzi inayowabana sana kufanya kazi, kwa hiyo dili za matangazo ambazo mwenzake Mmarekani anasaini kwa simu, yeye akigusa anahatarisha viza. Kijana kama Edward Cheserek alichukua mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, na hiyo ilikuwa kabla hata Wamarekani wenyewe hawajaruhusiwa dili hizo. Leo zimeruhusiwa ila Mkenya anayekimbia kule bado yuko palepale. Juu ya hapo, sehemu kubwa ya zile milioni 20.5 inakwenda futiboli, na vikosi vimewekewa ukomo wa idadi, kwa hiyo nafasi za wakimbiaji zinabanwa.

Anayesema turudi kule kwa skolashipu tu ajibu hili moja: hela ambazo TV zinalipa kuonyesha futiboli ya vyuo ziende kwa nani?