Mtaalamu wa mikoko ana haja gani na maneno ya mvuvi?

Mwanzisha mada, Tudor:
Watu wa Mombasa, nauliza kwa dhati: mtu akishabobea katika fani yake, bado ana deni la kumsikiliza asiye na cheti? Mimi nasema analo. Kwenye upanzi mmoja wa mikoko huku kwetu, mzee mvuvi alilitazama tope akasema, "Hapa maji hukaa sana. Mkoko hautashika, hapa pa mlilana." (Mlilana ni aina nyingine ya mikoko.) Msimamizi, msomi hasa, akamjibu kwa adabu kwamba hayo yashafanyiwa utafiti, kazi ikaendelea. Miche mingi sasa imebaki vijiti. Kinachoniuma ni kuwa elimu ya msomi yule inamuunga mkono mzee! Pwani yetu mlilana ndio unaokaa mbele kupokea mawimbi, mkoko hufuata nyuma yake, na mkandaa, aina ya tatu, huelekea nchi kavu. Ila mkoko ndio rahisi kupanda: mche wake huanguka mtini ukiwa umeshachipua, mrefu kama rula. Unauchomeka topeni, umemaliza. Mbegu ya mlilana ni ndogo, yataka kulelewa kitaluni kwanza. Basi msimamizi hakukosa elimu. Alikosa kuuliza, "Mzee, umejuaje?"

Mchangiaji, Likoni:
Ndugu yangu, taratibu. Juya, wavu wa kukokota hadi ufukweni, limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, na hadi leo wapo wavuvi watakaokuapia kwamba haliharibu kitu. Na hao tuwasikilize? Mtu amesoma miaka na miaka, halafu kila mwenye mdomo awe sawa naye?

Mwanzisha mada, Tudor:
Na hao wasikilizwe, kisha neno lao lipimwe. Juya likivutwa pwani, kaa hapo uone: vitoto vya samaki visivyofika kidole, na nyasi za bahari zimeng'oka. Dai limeanguka, tena mbele ya macho ya mwenye kudai. Sijasema wako sawa. Nasema mtaalamu asiamue kwa kutazama nani anasema.

Mwaka 1938 huko Afrika Kusini alipatikana samaki aitwaye silakanti, ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria. Wa pili walimpata Komoro mwaka 1952, na kumbe wavuvi wa kule walikuwa wakimjua siku zote, wanamwita gombesa. Mwaka 2001 akanaswa mwingine hapa Malindi. Elimu ile ilikuwepo muda wote, ila hakuna aliyekwenda kuiuliza.

Mchangiaji, Kisauni:
Hapo nakubali, kaka, lakini mwasahau jambo. Vikao vya wataalamu huitwa saa nne asubuhi, iwe bamvua, yaani maji makubwa, au maji mafu, yaani maji madogo, wao hawajali. Mvuvi akija, siku yake ya bahari imekwenda, na mara nyingi huulizwa baada ya miche kushaletwa. Aulizwe kabla mahali hapajachaguliwa, na alipwe siku yake kama anavyolipwa mshauri. Bajeti ya upanzi ujao ina fungu hilo?