Tifa kwa kuchuja maji ya jikoni na bafuni: zipandwe vipi?

Igombe_Bustani: Wakuu, yale majani marefu yenye gunzi la kahawia (tifa, si matete wala mafunjo) yanapandwaje kwenye karo la kokoto (shimo lililojazwa kokoto la kuchujia maji yaliyotumika nyumbani)? Na yakizidi, yanazuiwaje?

Fundi Majitaka: Mkuu, usianze na mbegu. Chimbua shina la matopeni, kata vipande vya sentimita 20 hadi 30, kila kimoja kiwe na chipukizi. Punguza majani, ila ncha zibaki juu ya maji. Panda kwa nafasi ya nusu mita kwenye kokoto za kina cha sentimita 60 hivi. Mwanzoni maji yawe haba, maana chipukizi likifunikwa lote huoza. Tangulizeni shimo la kunasa mafuta na mabaki ya chakula! Bila hilo kokoto huziba, maji yakatuama juu na mbu wakazaliana, na hapo watu huilaumu tifa bure.

Mama Mikeka: Kuzuia ni rahisi: kata mabua chini ya usawa wa maji, yabaki yamezama. Mizizi hupata hewa kupitia majani na mabua hayo, hata yaliyokauka. Ukikata juu ya maji, inachipua upya. Majani ya mikeka vuna yangali mabichi, kausha kivulini, lowesha kidogo kabla ya kusuka.

Fundi Majitaka: Nyongeza: karo likae nje ya mita 60 kutoka ziwani, sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka hivyo.